Kumtambua jike la Papilio dardanus: umbo kwanza, eneo pili, rangi mwishoni

Dume la kipepeo Papilio dardanus halisumbui. Ni la manjano hafifu lenye pindo jeusi, lina mkia kwenye kila bawa la nyuma, na kutoka misitu ya Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini halibadiliki sana. Kazi iko kwa jike. Sehemu kubwa ya bara, jike halina mkia wala umanjano wa dume: limeiga rangi za vipepeo wa hapo ambao ndege huwaepuka kwa sumu yao, na msitu mmoja unaweza kuwa na majike ya sura kadhaa. Zamani sura hizo zilihesabiwa kuwa spishi tofauti, hadi Roland Trimen alipoonyesha mwaka 1869 kwamba ni spishi moja.

Kwa hiyo usianze na rangi, maana rangi ndiyo inayokudanganya. Hesabu miguu. Amauris na Danaus, vipepeo wenye sumu wanaoigwa zaidi, wana miguu ya mbele midogo iliyokunjwa kifuani, hivyo husimama kwa minne. Papilio husimama kwa sita. Kisha tazama ukingo wa ndani wa bawa la nyuma: kwa Papilio umepinda kuingia ndani na kuacha tumbo wazi; kwa Amauris umetanuka na kulikumbatia tumbo. Papilio akinywa kwenye ua huendelea kupigapiga mabawa, ilhali Amauris hutulia. Piga picha kutoka ubavuni, miguu na tumbo vionekane. Picha ya juu peke yake imepotosha wengi.

Ukishathibitisha kwamba ni Papilio, uliza uko wapi. Madagaska majike yote yanafanana na dume, mikia ikiwemo, ila yana mstari mweusi kwenye ukingo wa mbele wa bawa la mbele. Ngazija pia jike lina sura ya dume. Ethiopia mengi ni kama dume, na machache yanayoiga bado yana mikia. Pwani ya Kenya na Tanzania tarajia sura ya hippocoonides, nyeusi na nyeupe kama Amauris niavius. Pia kuna trophonius, ya rangi ya machungwa, inayomwiga Danaus chrysippus. Afrika Kusini sura ya cenea, inayofuata Amauris echeria, ni ya kawaida. Uganda na magharibi mwa Kenya utakutana na planemoides, yenye mkanda wa rangi ya machungwa kwenye bawa la mbele.

Nyanda za juu za Kenya ndiko kugumu zaidi, na ndiko kunakofundisha zaidi. Huko vipepeo wanaoigwa ni wachache, ndege hawapati fursa ya kujifunza kuwaepuka, hivyo majike yenye mchanganyiko wa sura hayaliwi zaidi ya mengine. Usililazimishe jike kama hilo liingie kwenye jina. Andika alama unazoziona.

Ushahidi kamili ni kulea. (Ndani ya hifadhi, kibali kwanza.) Jike la porini kwa kawaida limeshapandwa. Liweke kwenye kizimba cha chandarua chenye mwanga, pamoja na tawi la Toddalia asiatica, Clausena anisata au mlimau, na ulilishe asali kijiko kimoja kwa maji vijiko tisa. Mti uliopigwa dawa usiutumie kabisa. Dawa iliyoingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha, na viwavi hufa ukidhani ni ugonjwa.

Viwavi wachanga, wanaofanana na kinyesi cha ndege, wape majani laini ya juu, kwani magumu hawayawezi. Usibadilishe aina ya mmea katikati. Ukisimamisha tawi kwenye chupa ya maji, ziba mdomo kwa pamba, la sivyo watashuka na kuzama. Ondoa kinyesi kila siku: unyevu na msongamano huleta ukungu. Kiwavi mkubwa wa kijani akiacha kula na kutoa kinyesi cha majimaji, usimtupe. Anajiandaa kuwa pupa. Pupa mwachie nafasi ya kutosha chini yake na kitu ambacho kipepeo akitoka atakikwea, kwa sababu mabawa yake yasiponing'inia hukauka yakiwa yamejikunja.

Wana wa kiume watakuwa wa manjano wenye mikia, hata kama mama ni mweusi na mweupe. Mabinti wanaweza kutoka sura mbili, na hapo usidhani umechanganya mayai: dume hubeba vinasaba vya sura za majike bila kuzionyesha, na hippocoonides hufunikwa na nyingi za sura nyingine. Ndiyo maana kila uzao hupewa kizimba chake na picha ya mama. Kwenye rekodi andika msitu, mwinuko, tarehe, idadi ya mabinti wa kila sura, na idadi ya Amauris na Danaus ulioona hapo, hata kama ni sifuri.