Mafunzo kwa Vitendo ya Ualimu wa Maigizo Bagamoyo

Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho anayekwenda kufanya mafunzo kwa vitendo Bagamoyo, mji uliopata chuo cha sanaa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), aitumie wiki ya kwanza kumtazama mwalimu mwenyeji na kuyashika majina ya watoto wote. Wadogo waanze kwa michezo: wasimame katika duara, mmoja apige makofi kwa mdundo wake, wenzake wamwitikie, kisha mdundo huo ugeuzwe kuwa mwendo wa mvuvi anayevuta wavu. Vijana, ambao huona haya mbele ya wenzao, wapewe kwanza igizo la wawili wawili, na asilazimishwe yeyote kusimama peke yake. Hili nalisisitiza kwa moyo wote. Kila jioni aandike daftarini ni nani aliyenyamaza, na wakati gani.