Mafuta ya gari ndani ya pikipiki: geuza bidoni usome nyuma

Swali la motari wengi wa Goma ni kama mafuta ya moteri ya gari yanaua pikipiki. Kinachoumia kwanza ni ambreyaje, yaani klachi. Ya gari la gia za mkono kwa kawaida ni kavu, haiguswi na mafuta. Kwenye Boxer au TVS HLX, disiki za ambreyaje zinaogelea katika mafuta yale yale yanayolainisha moteri na gia. Mafuta mepesi ya magari ya kisasa, kama 0W-20 na 5W-30, mara nyingi hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo. Disiki nazo zinashika kwa msuguano. Ukiuondoa, zinateleza.

Kwa hiyo geuza bidoni. Ukiona JASO MA au MA2, alama ya Kijapani ya mafuta yanayofaa ambreyaje inayoogelea, nunua, hata kama mbele pamechorwa gari. JASO MB ni ya skuta zenye ambreyaje kavu, iache. Kwenye duara la API, alama ya Kimarekani ya ubora wa mafuta, maneno Energy Conserving au Resource Conserving yakiwa sehemu ya chini, rudisha bidoni. Hapa Goma baridi haigandishi kitu, hiyo 0W, namba ya wepesi wa mafuta kwenye baridi, utailipia bure; kinachokufaa ni namba ya pili, ya uzito wa mafuta moteri ikiwa moto, 40 au 50.

Umekosa ya pikipiki kabisa? 20W-50 ya gari la petroli isiyo na maneno hayo itakuvusha. Ila meno ya gia hukatakata mafuta na kuyafanya mepesi upesi, basi yamwage kabla ya kilomita 1,500. Yale ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, bila kuona bidoni yalikotoka, ni hatari kuliko ya gari.

Kubadili: washa moteri dakika tano, zima, simamisha pikipiki wima kwa stendi ya kati, fungua bushoni ya chini na uache yachuruzike dakika kumi. Weka rondela mpya. Usikaze kwa nguvu zote, hesi za alumini hukatika. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 huchukua karibu litre moja. Mimina kidogo kidogo, washa dakika moja, zima, ngoja tatu, ndipo upime.

Kama tayari umeshatia mabaya, panda mlima ukiwa gia ya nne na ufungue gesi. Moteri ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, ambreyaje inateleza. Usikimbilie kununua disiki. Kwanza hakikisha waya wa ambreyaje una ulegevu wa milimita 10 hadi 15 kwenye ncha ya mkono wa ambreyaje, maana waya uliokaza nao huleta dalili hiyo hiyo. Kisha mwaga, tia JASO MA, tembea kilomita mia mbili, mwaga tena, kwa sababu mabaki ya kwanza hubaki kwenye pembe za moteri. Ikiendelea kuteleza, au mafuta yakinuka kuungua, disiki zimekwisha. Mpya zilowekwe usiku mzima katika mafuta mazuri kabla ya kufungwa.