Mpe mkalimani aya zako kabla ya ibada

Nafundisha wahubiri hapa Kisumu, na hili nimejifunza Jumapili iliyopita kijijini: ukihubiri kwa Kiswahili huku ukitafsiriwa kwa Kidholuo, mpe mkalimani orodha ya aya mapema, aweke vipande vya karatasi kwenye Biblia yake ya Kidholuo. Ukifika kwenye aya, wewe soma ya kwako, naye asome iliyochapishwa, asitafsiri ya kwako. Akina mama wa viti vya mbele wameishika Zaburi ya 23 neno kwa neno tangu utotoni. Mkalimani akiitunga upya papo hapo, utasikia minong'ono ya kumsahihisha, na ujumbe wako unapotelea hapo. Akiisoma wanavyoijua, wanaimalizia pamoja naye kwa sauti, na mimi hufurahia hilo kuliko hoja yoyote niliyoandaa! Tena anapofunua kurasa, wewe unapata nafasi ya kumeza maji.

Mbinu hii hukwama hoja yako ikisimama juu ya neno moja. Chukua Yohana 3:8: neno la Kigiriki pneuma ni upepo na pia ni roho, na kila tafsiri imelazimika kuchagua. Aya ya namna hiyo kaeni muilinganishe kwanza, dakika kumi zinatosha. Hukwama pia mkalimani akibadilishwa dakika ya mwisho, kwa hiyo weka nakala ya pili ya orodha mfukoni. Na aya zisizidi tano, la sivyo karatasi zinachanganyika.