Somo: Kulinda na Kurekebisha Windows kwenye Kompyuta ya Duka

Ndugu wanachama, somo hili linamhusu yeyote ambaye kompyuta yake inaguswa na watu wengi, kama zilivyo kompyuta za maduka ya kuchapisha hapa Langoni, Lamu, ambako mteja huingia na flashi mkononi akitaka barua ya maombi ya kazi, nayo flashi hiyo imeshachomekwa kwingine mara nyingi kabla ya kukufikia. Maelezo ni ya Windows 11. Wenye Windows 10 watayakuta mambo haya haya, ila menyu zimepangwa tofauti kidogo.

Hatua ya kwanza ni akaunti, na kama huna muda wa hatua nyingine, fanya hii tu. Wengi wetu tunashinda kutwa ndani ya akaunti ya msimamizi, yaani ile inayoruhusiwa kusakinisha programu na kubadilisha chochote, kwa hiyo kirusi kikifunguliwa humo nacho hupata ruhusa hiyo hiyo kwa urahisi. Usifungue akaunti mpya ya kazi, kwani itakubidi uhamishe faili zako zote. Fungua akaunti mpya ya msimamizi, kisha uishushe daraja hiyo unayoitumia sasa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia sehemu ya akaunti, halafu watumiaji wengine, uongeze mtumiaji na kumpa aina ya msimamizi na nenosiri refu. Toka, ingia kwa akaunti hiyo mpya uhakikishe inafunguka, ndipo uibadilishe ile ya zamani iwe ya kawaida. Tangu hapo, programu nyingi zikitaka kujisakinisha, Windows itadai nenosiri la msimamizi, na ukidaiwa bila wewe kusakinisha kitu, kataa. Nenosiri lenyewe liandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Mimi langu niliandika nyuma ya risiti, risiti ikatupwa, nami nikalazimika kuiweka Windows upya.

Hatua ya pili ni kuonyesha herufi za mwisho za majina ya faili, zile zinazofuata nukta, ambazo Windows huzificha. Fungua kabrasha lolote, nenda kwenye menyu ya mwonekano, uchague zionekane. Faili iliyokuwa ikijionyesha kama “risiti.pdf” itajifichua kuwa ni “risiti.pdf.exe”, na hiyo si risiti bali ni programu.

Hatua ya tatu, zima uchezaji wa papo hapo (AutoPlay) katika mipangilio ya vifaa, ili flashi ikichomekwa isifunguke mpaka uifungue mwenyewe. Ya nne, zoea kubonyeza Windows na L kila unapoinuka kwenda kuswali au kumhudumia mteja mlangoni. Skrini hujifunga mara moja.

Hatua ya tano ni ya wanaotumia bando la simu. Katika sifa za mtandao wako, weka kuwa muunganisho unapimwa, na Windows itapunguza kupakua masasisho kwa siri. Lakini usiache hivyo miezi mizima, maana masasisho ndiyo yanayoziba matundu. Angalau mara moja kwa mwezi, ukipata mtandao wa bei nafuu, yapakue mwenyewe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Shela: Assalam aleikum, mwalimu. Kompyuta yangu ya Windows 10 inaikataa Windows 11. Nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft iliweka mpango wa kujiandikisha upate masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani kijisehemu cha usalama ndani ya kompyuta, na mara nyingine TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, utazame. Kama haipo kabisa, Linux Mint, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows, ni bure na huendesha vyema mashine nyingi za zamani.

Mwanachama wa Mkomani: Mwalimu, makabrasha ya flashi ya mteja yamegeuka njia za mkato (shortcut). Faili zimepotea?

Jibu: Kwa kawaida zimefichwa tu, bwana. Usibofye hizo njia za mkato. Ikague flashi kwa Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike: attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa F. Makabrasha yakionekana, futa njia za mkato.

Mwanachama wa Faza: Je, ninunue kinga nyingine ya virusi?

Jibu: Kwa duka dogo, Defender inatosha, mradi isasishwe. Ila kinga “ya bure” iliyovunjwa leseni, ambayo watu hupeana kwa flashi, usiiweke hata kidogo; mashine ya kwanza niliyopata kuisafisha iliambukizwa na hiyo hiyo.