Nani aone nini: kupanga majukumu na ruhusa kwenye BookStack ya chama cha msingi

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye chama chake cha msingi, au ofisi yake ndogo, tayari ina BookStack inayofanya kazi (programu ya kuandika na kutunza maarifa ya ofisi, inayofunguliwa kwa kivinjari), na sasa ameambiwa, "Weka mambo sawa, siyo kila mtu aone kila kitu." Nimeuandika baada ya kukaa na mhasibu wa AMCOS moja (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) upande wa Masasi tukipanga ruhusa kabla minada ya korosho haijaanza. Jinsi ya kusakinisha programu yenyewe siigusi.

Kwa nini BookStack? Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inakaa kwenye seva ndogo yenye PHP na MySQL, na mpangilio wake hata mzee wa bodi anauelewa bila semina: rafu ina vitabu, kitabu kina sura, sura ina kurasa. Mifumo ya kulipia kwa kila kichwa kila mwezi siipendekezi kwa chama ambacho makarani wanaongezeka Oktoba na kupungua msimu ukiisha. Utajikuta unawagawia watu watatu nenosiri moja ili kubana matumizi, na hapo habari ya ruhusa imekwisha.

Hatua ya 1: Anza na karatasi

Usifungue kompyuta bado. Chora jedwali: kushoto andika aina za maarifa mliyonayo, juu andika watu. Kwa chama cha korosho orodha huwa hivi: miongozo ya shamba (palizi, upuliziaji wa salfa, dalili za ubwiri unga), taratibu za ghala (mizani, madaraja, stakabadhi), mihtasari ya bodi, na kumbukumbu za wanachama zenye majina, kilo na namba za akaunti za benki.

Miongozo ya shamba ifungue kwa wote. Mkulima akijua siku ya kupuliza salfa hakuna anayepoteza.

Kumbukumbu za wanachama ni habari nyingine. Mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho kwa wakulima nje ya utaratibu, akishajua nani amepima kilo ngapi na nani bado hajalipwa, ameshajua mlango wa kubisha usiku na bei ya chini ya kuanzia. Tena sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo "tulikuwa hatujui" haitoshi tena kama utetezi wa bodi.

Kwenye kila mraba wa jedwali usiulize "huyu angependa kuona?" Kila mtu angependa. Uliza, "asipoona, kazi gani ya kesho itakwama?" Kama hakuna, acha mraba wazi.

Hatua ya 2: Funga mlango wa mbele

BookStack mpya inakuja na akaunti ya admin@admin.com na nenosiri "password". Badilisha vyote viwili leo. Kwenye "Settings" hakikisha ruhusa ya umma kuona bila kuingia imezimwa, na watu kujisajili wenyewe kumezimwa pia.

Hatua ya 3: Unda majukumu machache

Nenda "Settings", kisha "Roles". Utakuta Admin, Editor, Viewer na Public. Editor ya kuzaliwa nayo siipendi kwa vyama vyetu, maana mwenye nayo anaweza kuhariri vitabu vyote. Iache ilivyo, usimpe mtu, tengeneza za kwenu:

Karani wa Ghala, Mhasibu, Bodi, Mkaguzi, na moja ya ziada naiita Nje ya Msimu, ambayo haina tiki hata moja. Faida yake utaiona mwishoni.

Yanatosha. Nimeona watu wakitengeneza jukumu kwa kila mtu na kuliita kwa jina lake. Mtu akihama kituo, kila kitabu kinabaki na ruhusa ya mtu ambaye hayupo. Jukumu lifuate kazi.

Kwenye jedwali la tiki utakutana na safu mbili, ya vitu vya mtu mwenyewe ("Own") na ya vyote ("All"). Kwa Karani mimi huweka hivi: kuona vyote, kuunda kurasa zote, kuhariri za kwake tu, kufuta hakuna. Angalia hapo kwenye kuunda. Ukimpa kuunda "Own" peke yake, ataweza kuongeza kurasa kwenye vitabu anavyovimiliki yeye tu, na kwa kuwa hana kitabu chochote, atakupigia simu akisema kitufe hakipo. Mkaguzi apewe kuona tu. Tiki ya kutoa nakala ya PDF ipo kivyake, usiigawe hovyo, kwa sababu faili likishaingia kwenye flashi halina ruhusa tena.

Tiki za kusimamia watumiaji na kusimamia majukumu ziogope. Mwenye mojawapo anaweza kujipandisha mwenyewe mpaka juu, na programu yenyewe inakuonya hivyo hapo hapo kwenye skrini.

Sasa suala la vyeo. Mwenyekiti atakuja, na ana haki ya kuja: "Kijana, mimi ndiye kiongozi hapa, niwekee hiyo kubwa kabisa." Jibu langu huwa, "Mzee wangu, hii kubwa ni ya fundi. Simu yako ikichomolewa stendi, aliyeichukua ana wanachama wote mkononi. Nakupa Bodi, utasoma mihtasari yote na taarifa zote za kikao." Mara nyingi anakubali. Asipokubali, mwombe aandike barua. Barua huwa haiji. Admin wawe wawili tu, ili mmoja akiugua kazi isisimame, na zaidi ya hapo unatafuta shida.

Kwa Admin na Mhasibu weka tiki ya kulazimisha uthibitisho wa hatua mbili. Unafanya kazi kwa programu ya simu inayotoa namba, hauhitaji SMS wala mtandao kwenye simu, ila saa ya simu lazima iwe sahihi. Namba za akiba, za kuingilia simu ikikosekana, zichapishwe, zifungiwe kwenye kasiki pamoja na vitabu vya stakabadhi.

Hatua ya 4: Ruhusa za vitabu (hapa ndipo jioni inapoishia)

Soma hatua hii mara mbili kabla ya kubofya kitu.

Yule mhasibu wa Masasi alikuwa amefanya jambo la akili kabisa: ameunda rafu ya fedha na wanachama, ameweka vitabu vyote nyeti humo, amefungua "Permissions" ya rafu na kuwafungia watu wote isipokuwa yeye na Mkaguzi. Tukaingia kwa akaunti ya karani, rafu haionekani. Vizuri. Tukaandika jina la mkulima mmoja kwenye kisanduku cha kutafuta, na ukurasa wenye akaunti yake ya benki ukatokea juu kabisa.

Tulizunguka sana. Tulifuta kumbukumbu za kivinjari, tukabadilisha simu, tukahesabu tiki za jukumu la Karani moja moja. Kumbe programu ilikuwa inafanya ilivyokusudiwa. Ruhusa za rafu haziteremki kwenye vitabu, kwa sababu kitabu kimoja kinaweza kukaa kwenye rafu zaidi ya moja, sasa kifuate ipi? Ruhusa za kitabu ndizo zinazoteremka kwenye sura na kurasa zake. Ukifunga rafu umeficha kabati, vitabu umeviacha mezani.

Njia mbili. Ya kwanza, chini ya ukurasa wa ruhusa za rafu kuna kitufe cha "Copy Permissions", kinachonakili ruhusa za rafu kwenda kwenye vitabu vilivyomo. Hifadhi kwanza mabadiliko ya rafu, ndipo ubofye. Ukibofya kabla ya kuhifadhi, unanakili ya zamani. Na inanakili mara moja tu. Kitabu kitakachowekwa kwenye rafu wiki ijayo hakitapata chochote mpaka mtu akumbuke kurudi kubofya. Kwa chama chenye shughuli nyingi, hakuna atakayekumbuka.

Njia ya pili ndiyo yangu. Nyeti zote zikae ndani ya kitabu kimoja, kiwe na sura nyingi upendavyo, na ruhusa ziwekwe kwenye kitabu. Ukurasa wowote mpya humo unazaliwa umefungwa. Kitabu kinakuwa kirefu, ndiyo, lakini kutafuta kunafanya kazi.

Ndani ya kitabu hicho fungua "Permissions". Kuna mstari wa "Everyone Else", yaani kila jukumu ambalo hukulitaja. Ondoa tiki ya kurithi, acha visanduku vyote vitupu. Kisha ongeza Mhasibu, mpe kuona, kuunda na kuhariri. Ongeza Mkaguzi, mpe kuona. Hifadhi. Admin usihangaike naye, yeye anaona kila kitu siku zote, huwezi hata kumfungia.

Kuna watakaofanya kinyume: waache wazi kwa wote halafu wamtaje Karani na kumnyima. Usifanye hivyo. Mtu anaweza kuwa na majukumu mawili, na pale ambapo kwenye kitabu hicho hicho jukumu moja limenyimwa na lingine limeruhusiwa, kuruhusiwa kunashinda. Kijana wa mizani akichaguliwa pia kuingia bodi, na Bodi inaruhusiwa kuona kitabu kile, katazo lako la Karani limekufa. Tena mwakani mtaunda jukumu jipya la afisa ugani, hakuna atakayekumbuka kulinyima. Fungia wote, fungulia waliotajwa.

Mambo mengine ya hatua hii, bila mpangilio:

Sura au ukurasa ukiwa na ruhusa zake wenyewe, hizo zinatangulia za kitabu. Ukibadilisha kitabu ukashangaa ukurasa mmoja haubadiliki, angalia huko kwanza.

Ukurasa unaorithi, ukihamishwa kutoka kitabu kilichofungwa kwenda kilicho wazi, unakuwa wazi saa hiyo hiyo. Programu haikuulizi. Mwambie kila mwenye ruhusa ya kuhariri.

Kufuta namba ya akaunti kwenye ukurasa wa wazi hakuifuti kabisa, toleo la zamani linabaki kwenye historia ya ukurasa. Futa na toleo hilo.

Na kama umehariri hifadhidata kwa mkono, au umeingiza data kwa njia isiyo ya kawaida, na ruhusa zinaonekana kuchanganyikiwa, ingia kwenye seva uendeshe:

php artisan bookstack:regenerate-permissions

Kama hujagusa hifadhidata, tatizo lako liko kwenye tiki. Rudi juu.

Hatua ya 5: Picha

Hii watu wengi hawaijui kabisa. Makarani hupiga picha stakabadhi kwa simu na kuzipachika kwenye ukurasa. Ukurasa umefungwa, lakini picha yenyewe, kwa mpangilio wa kawaida, inafunguka kwa yeyote mwenye kiungo chake, hata asiye na akaunti. Mtu akinakili kiungo na kukitupa kwenye kundi la WhatsApp, basi.

Kwenye faili la .env (faili la mipangilio ya BookStack kwenye seva) weka:

STORAGE_TYPE=local_secure_restricted

Sasa picha inaonekana tu kwa anayeruhusiwa kuona ukurasa ilikopakiwa. Picha za zamani zihamishe kutoka public/uploads/images kwenda storage/uploads/images, la sivyo zitaonekana zimevunjika. Na ukitumia picha ya ukurasa uliofungwa kwenye ukurasa wa wazi, wengine hawataiona. Ipakie upya kwenye ukurasa huo wa wazi. Viambatisho kama PDF havina shida hii, vinafuata ruhusa za ukurasa tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Jaribu kwa macho ya mwingine

Tengeneza akaunti ya majaribio kwa kila jukumu, ingia nayo kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Usijaribu kwa akaunti ya Admin halafu ukasema inafanya kazi. Usiishie kuangalia menyu pia: tafuta jina la mkulima, bandika kiungo kamili cha ukurasa uliofungwa, bandika kiungo cha picha. Vyote vitatu vikigoma kwa Karani, umemaliza. Futa akaunti za majaribio.

Hatua ya 7: Msimu ukiisha

Karani wa muda akiondoka, usifute akaunti yake siku hiyo hiyo. Mwondolee jukumu la Karani wa Ghala, mpe Nje ya Msimu, badilisha nenosiri. Kurasa alizoandika zinabaki na jina lake, na akirudi Oktoba unamrudishia kwa tiki moja. Ila kumbuka: kama kuna kitabu ulichofungulia "Everyone Else", huyu wa Nje ya Msimu naye yumo kwenye hao wengine. Ndiyo maana hata miongozo ya shamba siifungui kwa mstari huo, naacha majukumu yenyewe yafanye kazi.

Akiwa hatarudi tena, mfute, na wakati wa kufuta chagua mtu wa kurithi umiliki wa kurasa zake. Mpe mhasibu. Kisha pitia "Audit Log", kumbukumbu ya nani alifanya nini, uone aliyoyagusa mwezi wa mwisho, hasa yaliyofutwa. Kwa mpangilio wa kawaida yanakaa kwenye pipa la taka siku 30, na yanaweza kurudishwa kabla ya hapo kama mtu hajalimwaga.