Namna ya kuusaidia ubongo wako ufunge bomba la stresi

Juzi saa nne usiku mwenye nyumba kanitumia meseji anataka kodi ya miezi sita kesho yake, nikaanza kumjibu hapo hapo mikono inatetemeka, usingizi ukagoma mpaka saa tisa. Kosa langu lilikuwa ile haraka ya kujibu, na nawaeleza kwa nini.

Ubongo ukihisi hatari, iwe nyoka iwe meseji ya kodi, unatuma taarifa kwa njia mbili. Ya kwanza inapita kwenye mishipa ya fahamu, ndani ya sekunde chache adrenalini imeshamwagika na moyo unadunda. Ya pili ndo ya taratibu, hipothalamasi huko chini ya ubongo inatoa homoni ya kuiamsha tezi ya pituitari, pituitari nayo inatuma yake kupitia damu mpaka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, zile ndo zinatoa kotisoli, homoni ya stresi. Inafika juu kabisa kama dakika 20 mpaka 30 baada ya tukio. Halafu kotisoli hiyo hiyo ikirudi kichwani inauambia ubongo basi inatosha. Ni kama boya la tanki, maji yakijaa linapanda linafunga.

Kwa hiyo simu weka chini nusu saa nzima. Ukiisoma ile meseji mara kumi unakuwa unalikandamiza boya, bomba haliwezi kufunga.

Hiyo nusu saa kaa, weka vidole viwili kwenye mkono pale mapigo yanaposikika, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe pole pole mpaka 6. Ukitulia utasikia kabisa mapigo yanapunguza mwendo kila unapotoa pumzi, ndo maana ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Dakika tano tu zinatosha kuanzia.

Usingizi nao uwe na saa zake, maana kotisoli ina ratiba, inapanda asubuhi ukiamka na usiku wa manane iko chini. Kahawa iishie mchana, kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu tu.

Sasa hili naomba mlisikie vizuri. Vidonge vya steroidi kama prednisolone, vile vya kutuliza uvimbe au pumu, na zile krimu kali za kung'arisha ngozi zenye clobetasol, mwili unaziona kama kotisoli, ubongo unaacha kuagiza na tezi zinalala. Ukizitumia muda mrefu ukaacha ghafla unaweza kuishiwa nguvu, presha ikashuka vibaya hata kufa. Daktari ndo anapunguza dozi kidogo kidogo mpaka tezi ziamke, inaweza kuchukua miezi. Na kama ni krimu hata ukiona aibu nenda na kopo lenyewe, asome kilichomo.