Kubadilisha Nanga ya Mashua Ndogo ya Safari: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Hatua ya 1: Ikague nanga unayotaka kuiacha

Kabla ya kwenda dukani, ilaze nanga ya zamani juu ya sitaha uitazame ncha yake. Ikiwa zinki iliyopakwa nchani imesuguliwa mpaka chuma kikang'aa, nanga hiyo ilikuwa ikizama ardhini ipasavyo. Ikiwa ncha bado ina zinki yake yote ilhali ubavu mmoja umechubuka, basi kwa muda wote huo ilikuwa ikilala ubavu, na kilichokuwa kikiizuia mashua ni uzito wa mnyororo pamoja na bahati. Angalia pia kama mti wa nanga, yaani ule mkono mrefu unaofungwa mnyororo, umepinda. Uliopinda haufai kugongwa nyundo ukanyooshwa, kwa kuwa nguvu yake imekwisha kupungua. Kisha orodhesha sehemu unazotia nanga mara nyingi, na chini kuna nini: mchanga, tope, majani au mawe.

Hatua ya 2: Chagua umbo

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo usiharakishe. Nanga ya plau, yaani yenye umbo la jembe la kulimia, inayojulikana zaidi ni CQR, iliyobuniwa na Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor mwaka 1933, na kwa miongo mingi ndiyo iliyoonekana kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, za mashua za safari. Inastahimili mengi, ila katika mchanga mgumu huchelewa kuzama. Nanga ya makucha matatu, mfano wa Bruce, hushika upesi, lakini ukilinganisha na uzito wake haivumilii mvuto mkubwa. Nanga ya mabapa mawili yanayocheza kwenye bawaba, mfano wa Danforth, ina nguvu ya ajabu kwa uzito wake katika mchanga na tope; udhaifu wake hujitokeza upepo unapogeuka.

Udhaifu huo niliuona kwa macho yangu usiku mmoja, mashua ilipozunguka nusu duara na nanga ikang'oka bila kushika tena. Tulipoipandisha tulikuta gamba moja la chaza limebanwa kwenye bawaba, mabapa yamekwama upande mmoja, na nanga nzima imekuwa sawa na kipande cha chuma kinachoburutwa juu ya mchanga. Tangu hapo, swali langu la kwanza kuhusu nanga yoyote ni hili: ikigeuzwa na kung'olewa gizani, watu wamelala, itajizamisha yenyewe?

Nanga za kisasa zenye bapa moja lililobonyea kama koleo na ncha kali hujibu swali hilo vizuri kuliko zote nilizotumia. Rocna ina tao mgongoni linaloipindua hadi ncha ielekee chini. Spade haina tao, bali imewekewa madini ya risasi nchani ili uzito ukae pale unapohitajika. Kasoro ya nanga hizi ni kwamba koleo hupanda na tope zito, hivyo andaa ndoo na brashi. Ikiwa sehemu zako nyingi ni tope laini sana, nanga ya mabapa mapana bado ina nafasi yake, walau kama ya akiba.

Hatua ya 3: Kadiria ukubwa

Upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake juu ya mashua huongezeka mara nne. Nanga iliyotulia kwenye upepo wa noti 15 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) hukutana na kazi tofauti kabisa kwenye noti 30. Majedwali ya watengenezaji huanzia kwenye urefu na uzito wa mashua, lakini soma maelezo yake ujue yamekadiria upepo gani, na upime uzito wa mashua ikiwa imejazwa maji, mafuta na mizigo. Kwa mashua ya mita 9 au 10 yenye tani 4 hadi 5, mimi huanzia kilo 15 kwa nanga ya aina ya koleo. Jedwali likikuweka mpakani, chukua kubwa, mradi mgongo wako au winchi yako inaiweza.

Hatua ya 4: Pima kwa kadibodi

Wengi huiruka hatua hii, kisha hurudisha nanga dukani. Chora umbo la nanga kwa vipimo vya mtengenezaji, likate kwenye kadibodi, ulipitishe kwenye roda ya omo, yaani gurudumu linalopitisha mnyororo, kama vile unaipandisha. Tazama kama tao litagonga reli ya mbele, kama ncha itachubua ubao wa omo, na kama mti utalala mahali pa kufungia.

Hatua ya 5: Mnyororo na pingu

Mnyororo wa milimita 8 una uzito wa takriban kilo 1.4 kwa mita, kwa hiyo mita 40 ni kilo 56 zinazokaa omoni. Wengine huunganisha mnyororo mfupi na kamba ya nailoni ili kupunguza mzigo huo. Nenda dukani na kipande cha mnyororo wako, uhakikishe kuwa pini ya pingu, yaani kiungo cha chuma kinachofunga mnyororo kwenye nanga, inapita na kwamba pingu imechapwa kiwango cha mzigo. Pini ikishakazwa, ifunge kwa waya.

Hatua ya 6: Ijaribu mchana

Chagua siku tulivu. Jumlisha kina cha maji, kiasi yatakachojaa, na kimo cha omo juu ya maji: kina mita 4, maji kujaa 2, omo 1, jumla 7. Kwa mnyororo mtupu achia mara tano ya jumla hiyo, yaani mita 35. Kwa kamba na mnyororo achia mara saba, yaani 49. Rudi nyuma polepole kwa injini, ukiongeza nguvu kidogo kidogo, huku umelinganisha vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja. Weka kiganja juu ya mnyororo: ukitetemeka kama unaopita juu ya kokoto, nanga inaburutwa, ukikaza na kunyamaza, na vile vitu viwili visiachane, imeshika. Kisha ing'oe, uirudie kazi hiyo ukivuta kutoka upande wa pili.